Maoni Namba Sabini na Moja

2 Machi

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi, na mimi nimeanza kuandika saa tano, kwa sababu shuka kumi na sita zimelowa upya kwenye kamba na sina la kufanya isipokuwa kununa. Daftari nimelikuta kwenye droo ya marehemu mume wangu. Alikuwa ameandika ukurasa mmoja tu, orodha ya vyumba vyenye bomba linalovuja. Yanavuja mpaka leo, kwa hiyo sikuichana.

Kilichoninunisha si mvua. Halmashauri imebandika tangazo kwenye ukuta wa soko: inafikiria kuanzisha tozo ya watalii, kiasi kilekile kwa kila kitanda kila usiku, na wananchi wanaombwa watoe maoni mpaka tarehe ishirini Aprili. Watalii wenyewe siwaoni. Wanakuja kutazama maporomoko, mabasi yao yanapita mbele ya gesti yangu bila kupunguza mwendo, wanapanda zao hoteli ya mlimani. Kwenye vyumba vyangu vinane wanalala madereva na wachuuzi, na zaidi ya nusu ni watu wenye wagonjwa katika hospitali ya ng'ambo ya barabara. Kitanda changu bei yake ni ya kifungua kinywa kule juu. Tozo ikija ilivyoandikwa, hawa wa wagonjwa wataanza kulala kwenye mabenchi ya hospitali, na mimi nitafunga.

Chini ya tangazo kuna sahihi ya wifi yangu. Hapo ndipo nilipoinua mguu nikaondoka.

3 Machi

Bado nimenuna.

5 Machi

Niandike mara moja nimalize. Wifi yangu ni dada pekee wa marehemu, na ni karani wa maoni na leseni wa halmashauri. Mji mzima unamwita Muhuri. Ukipeleka barua isiyo na tarehe anakurudishia. Mwenyekiti wa halmashauri akipeleka barua isiyo na tarehe, anamrudishia vilevile.

Miaka mitatu iliyopita, wiki tatu baada ya kumzika kaka yake, aliingia uani kwangu na kitabu chake akaniandikia faini. Kosa: kibao cha mbele na leseni vina jina la marehemu. Akanipa siku kumi na nne nibadilishe viwe kwa jina langu. Wakati huo nilikuwa bado sijapata nguvu ya kufua shati la mwisho la mume wangu. Nilibadilisha siku ya kumi na tatu, kwa hasira, na tangu siku hiyo mimi na wifi hatujasalimiana. Kwenye harusi tunakaa ncha mbili za ukumbi, na ndugu wameshazoea kutupangia viti hivyo.

10 Machi

Leo ulikuwa mkutano wa kwanza wa maoni, ukumbi wa halmashauri, saa nne asubuhi. Sikwenda. Saa nne wageni wanarudisha funguo, Mama Pacha, mfuaji wangu, anavua mito foronya, mimi natandika. Hakuna mtu wa gesti anayeweza kutoka saa nne, hata nyumba ikiungua.

Habari nimezipata kwa fundi cherehani, jirani yangu. Walihudhuria watu watano. Yeye mwenyewe hakwenda kutoa maoni, alikuwa anakimbia mvua, na wawili wengine hivyohivyo. Mwenyekiti alifurahi sana. Akamwambia Muhuri aandike kwamba wananchi hawakuwa na pingamizi. Muhuri akasema, kwa ile sauti yake isiyopanda wala kushuka: "Hawakuwa na nafasi, mheshimiwa. Sisi ndio tumekosea saa." Kisha akaandika kwenye taarifa, akasoma kwa sauti: waliohudhuria watano, kati yao watatu walikuwa wanajikinga mvua.

Fundi amecheka mpaka pini zikamdondoka mdomoni. Na mimi nimecheka. Halafu nikajikumbusha kwamba nimemnunia mtu huyo.

12 Machi

Mvua. Shuka zina harufu ya mbwa.

13 Machi

Muhuri ameonekana kwenye gesti ya karibu na stendi, uani, anakunja shuka. Nilimwambia Mama Pacha, aliyeniletea habari hizo, kwamba ameona vibaya. Akasema macho yake hayana kasoro, kasoro ziko kwenye mapipa yangu ya kufulia. Mama Pacha amenifulia miaka kumi na moja, anasema apendavyo, na tozo ikipita yeye ndiye nitakayemwachisha kwanza. Analijua hilo, na bado anaimba akisuuza.

16 Machi

Amekuja.

Saa tisa alasiri, mvua imekatika kidogo, mimi na Mama Pacha tumetoka na kapu kuanua kabla haijarudi. Akabisha lango ingawa lilikuwa wazi. Koti la mvua, mkoba mgongoni, miwani. Akasema amekuja kuchukua maoni, kwa kuwa saa ya mkutano haikuwafaa watu wa gesti. Mama Pacha akamjibu kwa niaba yangu, akamkaribisha, akamwambia achemshiwe chai. Akakataa. Mahali anapochukua maoni hapokei hata maji, asije mtu akasema maoni yamenunuliwa. Nikamkata jicho. Chai ya nyumba ya kaka yake.

Basi akaweka mkoba chini ya upenu, akakunja mikono ya blauzi, akashika ncha mbili za shuka ambayo Mama Pacha ameshika nyingine mbili. Shuka kubwa inataka watu wawili. Wakawa wanakunja, na Mama Pacha akaanza kusema mwenyewe, bila kuulizwa: watoto wake, mikono yake inavyopasuka na sabuni, nani atamwajiri kwa umri huo. Muhuri hakugusa kalamu. Shuka sita zilipokwisha ndipo alipokaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaandika, akamsomea. Niliyasikia maneno ya Mama Pacha yakirudi kama alivyoyasema, mpaka lile tusi dogo alilolichomeka katikati. Akamuuliza, "Hayo ndiyo maneno yako?" Mama Pacha, ambaye hajawahi kusomewa chochote na mtu wa serikali isipokuwa adhabu, akasema ndiyo, akatia sahihi polepole sana, kila herufi peke yake.

Kisha Muhuri akanigeukia, akaokota ncha mbili za shuka nyingine, akaninyooshea. Nikazishika. Miaka mitatu hatujasalimiana, tukakunja shuka. Na nikasema, ndiyo, nikampa vidonge vyake. Nilisema tozo hii haitamwangukia mtalii, itamwangukia mama mwenye mtoto wodini. Nilisema vitanda havilingani. Hapo ningenyamaza. Lakini alikuwa ananitazama kwa utulivu ule unaoniudhi, na nikasema:

"Andika na hili. Anayetuandika hapa ni mwanamke asiye na moyo. Alimpiga faini mjane wa kaka yake kabla udongo wa kaburi haujakauka."

Mama Pacha aliinamia kapu kama mtu aliyepoteza sindano. Wifi akakaa kwenye ndoo, akaandika. Akanisomea yote, sentensi ya kwanza na ya mwisho kwa sauti ileile.

"Hayo ndiyo maneno yako?"

"Ndiyo."

"Unaongeza au kupunguza kitu?"

"Sipunguzi."

Nikatia sahihi. Namba sabini na moja. Kabla hajaondoka alikunja peke yake shuka tuliyoiacha nusu, kona kwa kona, akaiweka juu ya nyingine.

17 Machi

Mvua. Mama Pacha haimbi leo.

24 Machi

Chumba namba tatu yuko mama ambaye mwanawe amelazwa wiki ya tano sasa. Leo amenisimulia kwamba Muhuri alikwenda hospitali wiki ileile ya mkutano, akakaa nao kwenye benchi la nje ya wodi. Nilisema wale si wakazi wa hapa, maoni yao ya nini. Kumbe mwenyekiti naye aliuliza hivyohivyo, na Muhuri akamwonyesha kwenye fomu: "yeyote atakayeguswa na tozo". Mama huyu alimwambia kwamba watalii wamekuja kutazama maporomoko, mwanawe anatazama dari. Ameandikiwa hivyohivyo na kusomewa.

"Nilidhani ataniandikia maneno makubwa," akaniambia. "Ameniachia yangu."

Nikaenda kuhesabu sabuni, ambazo hazikuhitaji kuhesabiwa.

27 Machi

Fundi cherehani ametoa maoni rasmi safari hii, namba mia na tisa. Anaunga mkono tozo. Anasema barabara ya maporomoko imekwisha na pesa lazima itoke mahali. Tumegombana, amenishonea foronya nne bure.

Alivyoniambia, Muhuri alimsikiliza yeye kwa subira ileile. Wala hakumgusia maneno yangu, ingawa fundi alichokonoa weee. Natamani angalau angenisema kwa watu. Ningepata pa kuanzia kumchukia upya.

2 Aprili

Leo nina mengi.

Shemeji mkubwa amekuja, kaka wa marehemu na wa Muhuri. Amenenepa, ana mwavuli wa hoteli ya mlimani. Siku hizi anamtafutia viwanja mwenye hoteli. Aliketi, akanywa chai vikombe vitatu, akasifu kuta. Halafu akasema tozo itapita tu, hayo maoni ni kutimiza wajibu, mwenyekiti keshaahidi. Kwa hiyo niuze mapema, kabla sijafunga kwa aibu. Mwenye hoteli angependa kujenga hapa maegesho ya mabasi.

Nikamwambia gesti haiuzwi, na leseni ni yangu. Akacheka, na kwenye kucheka huko ndiko alikoteleza. Akasema leseni hii ingekuwa yake siku nyingi kama si yule dada yake na vitabu vyake. Baada ya mazishi alikwenda halmashauri kuiomba. Leseni ya marehemu ikikaa bila mtu, ndugu yeyote anaweza kuiomba. Alikuwa na barua za wazee wawili wa ukoo. Muhuri akamfungulia faili, akamwonyesha leseni iko hai kwa jina la mjane, faini imelipwa, kibao kimebadilishwa, hakuna cha kuomba.

Nikamuuliza alikwenda siku gani. Akasema kama siku ya ishirini hivi baada ya faini, akaniangalia akijiuliza kwa nini nauliza.

Nikamtolea mwavuli wake. Alipokwisha kutoka nilivuta faili langu chini ya kitanda, nikasoma karatasi ya faini ambayo kwa miaka mitatu nimeihifadhi ili nipate kukasirika vizuri. Siku kumi na nne. Nilibadilisha siku ya kumi na tatu. Angeniomba kwa upole, ningemwambia nitashughulikia mwezi ujao. Najijua. Angenionya kwamba kaka yake mkubwa anakuja, angekuwa karani anayependelea ndugu, na shemeji angempeleka mbele. Kwa hiyo alifanya jambo moja ambalo hakuna aliyeweza kulilalamikia isipokuwa mimi. Na mimi nimelilalamikia miaka mitatu kwa kila mwenye masikio.

Nimelia, niseme kweli. Mama Pacha amefikiri ni shuka za namba sita, ambazo kweli zinaliza.

3 Aprili

Nimekwenda ofisini kwake mvua ikinyesha. Chumba kidogo, rafu tatu za mafaili, dirisha limezibwa kwa kadibodi, ndoo ya kupokea maji ya dari. Amewekwa hapo mwaka wa tisa huu. Nilimkuta anasogeza mafaili mbali na ukuta wenye unyevu. Nikamwambia nimekuja kufuta maoni yangu, ile sentensi ya mwisho.

Akasema hayafutwi. Yameandikwa, yamesomwa, yametiwa sahihi, yana namba.

Nikamwambia ni mabaya. Akasema mabaya nayo ni maoni.

Nikamwambia, "Shemeji mkubwa alikuja jana. Ameniambia siku aliyokwenda ofisini kwako."

Tone likaanguka kwenye ndoo, jingine likafuata. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Kibao kilikuwa na jina la mtu aliyekufa," akasema. "Kanuni hairuhusu."

"Ni hilo tu, wifi?"

Neno lilinitoka lenyewe. Miaka mitatu sijamwita hivyo. Na yeye akainamia droo, akatafuta kwa muda mrefu kitu kilichokuwa juu kabisa. Ilikuwa fomu ya nyongeza. Maoni hayafutwi, akasema, lakini mtu anaruhusiwa kuongeza, mistari mitatu. Tarehe ya mwisho ishirini. Nisisahau kuandika tarehe.

Hakuniambia zaidi ya hapo. Nimerudi nimelowa chepechepe, na nimemheshimu mtu huyu kuliko nilivyowahi kumheshimu mtu yeyote aliye hai. Nimeandika hivyo na sioni aibu.

8 Aprili

Mistari mitatu ni midogo sana.

11 Aprili

Nimejaribu mara tano. Ya kwanza ilikuwa kama hotuba ya mgeni rasmi. Ya pili nilijitetea. Mama Pacha amesoma ya tatu akasema inaomba mkopo. Shuka hazijakauka tangu Jumatano.

15 Aprili

Nimepeleka. Hakuwepo, alikuwa stendi anachukua maoni ya madereva. Nimeiacha kwenye kisanduku, nikarudi mara mbili kuangalia kama nimeandika tarehe.

20 Aprili

Siku ya mwisho ya maoni. Mia mbili na kumi na nne. Fundi anasema haijawahi kutokea. Mara ya mwisho halmashauri ilipouliza wananchi kitu, walijibu kumi na mmoja.

26 Aprili

Kikao kilikuwa leo, saa tisa alasiri, watu wa gesti tukiwa tumemaliza kazi. Nimejua nani aliyepanga saa hiyo. Ukumbi ulijaa mpaka ngazi. Shemeji alikaa mbele na mwenye hoteli ya mlimani.

Mwenyekiti akasema karani atasoma muhtasari wa ukurasa mmoja. Muhuri akasimama na bunda lake, akasema hana muhtasari. Chini ya kila fomu imeandikwa kwamba maoni yote yatasomwa mbele ya baraza, na watu wametia sahihi juu ya ahadi hiyo. Mwenyekiti akasema yale maandishi ni madogo mno, hakuna anayeyasoma. Akajibiwa kwamba mia mbili na kumi na wanne wamesomewa.

Akaanza. Namba moja, namba mbili. Sauti moja, mwendo mmoja, hakutia chumvi, hakuruka kitu. Waliotaka tozo nao walisikika. Mwanzoni madiwani walichezea simu. Kisha ikasomwa ya mama wa chumba namba tatu, mwanawe na dari, na diwani mmoja akaweka simu mezani akaiacha hapo. Ilisomwa ya Mama Pacha pamoja na tusi lake, ukumbi ukacheka, Mama Pacha akanyoosha kitambaa chake kichwani kama bibi harusi.

Halafu ikaja sabini na moja. Nilikuwa nimeombea tetemeko la ardhi, halikuja. Akasoma kuhusu vitanda, akasoma kuhusu mama mwenye mtoto wodini, na bila kupumzika akasoma: "Anayetuandika hapa ni mwanamke asiye na moyo. Alimpiga faini mjane wa kaka yake kabla udongo wa kaburi haujakauka." Shemeji alicheka peke yake. Nilikosa pa kuuweka uso wangu. Yeye akageuza karatasi, akasema, "Namba sabini na mbili."

Alisoma kwa muda wa saa tatu hivi, na fundi wangu wa mia na tisa alisikika vizuri kuliko alivyosema. Alipofika mia mbili na kumi na nne sauti ilikuwa imekwaruza, na akasema zimebaki nyongeza. Zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa ya fundi, anaongeza kwamba barabara pia inahitaji taa. Akashika ya pili.

"Nyongeza ya namba sabini na moja. Kuhusu tozo, nashikilia yote. Kuhusu mwandishi..."

Akakomea hapo. Akavua miwani, akaifuta, na ilipokwisha kuwa safi akaendelea kuifuta. Mwenyekiti akasema kwa upole kabisa kwamba kama ni jambo binafsi linaweza kurukwa.

"Hairukwi," akasema Muhuri, na akasoma. "Kuhusu mwandishi, nilisema hana moyo. Leseni yangu ninayo leo kwa sababu ya faini yake, na mimi nilimnunia miaka mitatu kwa jambo lililoniokoa. Naomba anisamehe."

Alisoma kwa sauti ileile, isipokuwa neno la mwisho, ambalo halikutoka vizuri. Kisha akainua kichwa akatafuta ukumbini.

"Mtoa maoni namba sabini na moja yupo?"

Nikasimama.

"Hayo ndiyo maneno yako?"

"Ndiyo, wifi. Ndiyo maneno yangu."

"Unaongeza au kupunguza kitu?"

"Sipunguzi."

Akaandika. Nadhani aliandika tarehe.

Baraza limeamua jioni hiyohiyo. Tozo itakuwepo, lakini kwa kadiri ya bei ya chumba, na mwenye barua ya hospitali hatatozwa. Madereva watalipa kidogo, na watanilalamikia mimi. Mama Pacha anabaki. Shemeji aliusahau mwavuli wake, fundi ameuchukua.

28 Aprili

Leo jua. Shuka zote zimekauka kufikia saa sita, nyeupe, ngumu, zinanukia.

Wifi alikuja saa kumi, bila mkoba. Maoni yamefungwa, akasema, sasa anaweza kunywa chai. Alikunywa vikombe viwili kwenye kiti cha kaka yake, akauliza habari za mabomba, nikamwonyesha orodha yenye mwandiko wa marehemu. Aliishika kwa muda. Hatukusema mambo makubwa. Alipofika langoni akageuka, akatazama juu.

"Kibao chako kimeinama," akasema. "Kirekebishe kabla ya Jumatatu."

Nilileta kiti, nikapanda na nyundo, nikakinyoosha palepale. Yeye ndiye aliyenishikia kiti.